Wepesi Haupimwi kwa Mdomo

Waswahili wana methali mbili ambazo kila mara huonekana kugombana. "Haraka haraka haina baraka," husema moja. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," hujibu ya pili. Wanafunzi wetu huzikariri zote mbili kwa ajili ya insha, na mwerevu miongoni mwao hakosi kumuuliza mwalimu ni ipi iliyo ya kweli. Jawabu ni kwamba zote ni za kweli, ila hakuna hata moja inayotueleza haraka ni ya kiasi gani, wala kungoja huanza kuumiza baada ya muda gani. Methali hazikutungwa kwa kazi hiyo. Matatizo huanza pale tunapoziachia methali, sifa na majigambo kazi ambayo ingefaa kufanywa kwa saa na daftari.

Leo ningependa kulijadili jambo hili kwa kutumia chombo kilichokwisha kuwa jamaa wa nyumbani: king'amuzi, yaani kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya setilaiti kutoka kwenye dishi na kuyageuza kuwa picha na sauti katika runinga. Wenzetu wa Tanzania hukiita pia kisimbuzi. Jina letu limetokana na kitenzi kung'amua, nalo lilichaguliwa vyema, kwa maana kazi ya chombo hiki ni kuyatambua yaliyofumbwa. Swali langu ni dogo. Mtazamaji anapobonyeza rimoti ili ahame chaneli moja hadi nyingine, hungoja muda gani kabla ya picha mpya kutokea? Na je, tunawezaje kukilinganisha king'amuzi kimoja na kingine kwa haki?

Najua wapo watakaocheka. Watauliza inakuwaje mhadhiri wa isimu apoteze wino kwa sekunde mbili za runinga, tena akizungumza na watu wa Isiolo, kaunti ambayo imeuonja ukame mara nyingi mno. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kabla ya kuiweka kalamu chini. Kwanza tukielewe kitu chenyewe.

Televisheni ilipoingia Kenya mwaka 1962, suala la kuhama chaneli halikuwapo, kwani kituo kilikuwa kimoja tu. Lilipata maana mwaka 1990, wakati KTN ilipoanza kutangaza jijini Nairobi. Hata hivyo, mtazamaji wa siku hizo hakungoja kitu. Mfumo wa analogi ulirusha picha kamili 25 kwa kila sekunde, na mara kipokezi kilipoyanasa masafa mapya, picha ilikuwa tayari. Mapema mwaka 2015, baada ya mvutano mrefu mahakamani baina ya serikali na mashirika makubwa ya utangazaji, mitambo ya analogi ilianza kuzimwa nchini na king'amuzi kikawa cha lazima. Tulipata chaneli nyingi na picha safi. Tulipewa pia kitu ambacho hakuna aliyekitangaza katika sherehe zile, nacho ni kungoja.

Kwa mkazi wa Isiolo, na zaidi kwa yule aliye mbali na mji, tuseme Merti au Garba Tula, king'amuzi cha kutegemewa aghalabu ni kile cha dishi. Hapa jiografia imetupa zawadi ya ajabu. Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 40 tu kaskazini mwa Ikweta, karibu na nyuzi 37 na nusu mashariki. Setilaiti inayotumiwa na DStv kwa sehemu kubwa ya Afrika imesimamishwa juu ya Ikweta, nyuzi 36 mashariki. Maana yake ni kwamba kwa mtu aliyesimama sokoni Isiolo, setilaiti hiyo iko karibu utosini mwake. Ndiyo sababu madishi yanayoielekea hulazwa, tofauti na yale ya Ulaya ambayo husimama wima yakiutazama upeo wa macho.

Setilaiti hizo zimo angani kwa umbali wa karibu kilomita 36,000. Basi wengi hudhani kwamba umbali huo ndio unaochelewesha picha tunapohama chaneli. Dhana hii inavutia, lakini haisimami mbele ya hesabu. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari ya kupanda na kushuka, jumla ya kilomita 72,000, huchukua takriban sekunde 0.24. Fauka ya hayo, ucheleweshaji huo unahusu tukio lenyewe, kwa mfano bao linalofungwa uwanjani, wala hauhusu kuhama chaneli. Mtazamaji anapobonyeza rimoti, setilaiti haina habari naye. Haimtumii chaneli aliyoiomba, bali chaneli zote zinamnyeshea dishini wakati wote kama mvua. Ucheleweshaji basi hauko angani. Uko sebuleni, ndani ya kisanduku.

Kisanduku hicho hufanya nini katika muda huo? Kwanza, iwapo chaneli mpya inabebwa na masafa mengine, hukiamuru kipokezi kuyaacha masafa ya zamani na kuyashika mapya. Chaneli nyingi hufungwa pamoja katika furushi moja, hivyo kuhama ndani ya furushi moja ni kwepesi kuliko kutoka furushi hadi furushi. Pili, husubiri orodha inayokieleza ni vipande vipi vya furushi vilivyo picha na vipi vilivyo sauti za chaneli inayotakiwa. Orodha hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa sekunde. Tatu, ikiwa chaneli ni ya kulipiwa, husubiri ujumbe wa siri, huupeleka kwenye kadi, na kadi hurudisha ufunguo wa kufumbua picha. Nne, na hapa ndipo muda mwingi huliwa, husubiri picha kamili ya kuanzia.

Hatua hii ya nne inaeleweka upesi na mwanafunzi wa lugha. Ili kuokoa nafasi, utangazaji wa dijitali hautumi kila picha kwa ukamilifu wake. Hutuma picha moja nzima, kisha zinazofuata huelezwa kwa tofauti tu: hapa pamesogea, pale pamebadilika rangi, kwingine kote ni kama mwanzo. Ni sawa na mtu anayeingia barazani mazungumzo yakiwa yamepamba moto. Anasikia "yule alimwambia kwamba hilo walilolifanya pale halikumfurahisha." Sarufi ni safi na kila neno analijua, lakini haelewi chochote, kwa kuwa viwakilishi vyote vinarejelea majina yaliyotajwa kabla hajafika. Hana budi kusubiri hadi mtu alitaje jina upya. King'amuzi nacho, kikiingia katikati ya chaneli, husubiri jina litajwe. Katika mfumo wa zamani wa kubana picha, picha nzima hutokea aghalabu kila baada ya nusu sekunde. Katika mifumo mipya inayobana zaidi, nafasi baina ya picha nzima na nyingine huweza kufika sekunde moja au mbili. Kwa hivyo chaneli yenye picha bora zaidi inaweza kuwa ndiyo inayochelewa kuonekana.

Kutokana na maelezo haya twapata funzo la kwanza kuhusu upimaji. Anayebonyeza rimoti punde kabla ya picha nzima kupita atahudumiwa papo hapo. Anayebonyeza punde baada ya kupita atangoja duru nzima. King'amuzi ni kile kile, chaneli ni ile ile, ila bahati ni tofauti. Basi yule anayepima mara moja na kutangaza matokeo amepima bahati yake, hajapima chombo.

Funzo la pili ni gumu zaidi, nalo ni la maana ya maneno. Kuhama chaneli huanza wapi na kuishia wapi? Mwanzo ni rahisi: kidole kinapobonyeza. Mwisho je? Visanduku vingi huonyesha jina na nambari ya chaneli mpya mara tu baada ya kubonyezwa, ilhali skrini ingali nyeusi. Baadaye huja sauti, au picha iliyoganda, kisha ndipo picha hutembea pamoja na sauti yake. Muuzaji anayetaka kukisifu chombo chake atahesabu hadi jina linapotokea. Mteja mwenye hasira atahesabu hadi kila kitu kinapotulia. Wote wawili wanasema kweli, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Sisi tunaochunguza sauti za lugha tuliyakabili mambo haya zamani. Katika Kiswahili cha pwani, neno paa la juu ya nyumba hutofautiana na paa mnyama wa porini kwa mpumuo unaoifuata p, na mpumuo huo hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Mwaka 1964 wanaisimu Lisker na Abramson walichapisha utafiti uliolinganisha jambo la aina hiyo katika lugha kadhaa. Waliweza kuzilinganisha kwa sababu kwanza walikubaliana mahali pa kuanzia, yaani midomo au ulimi unapoachia hewa, na mahali pa kumalizia, yaani nyuzi za sauti zinapoanza kutetema. Pasipo makubaliano hayo, kila mtafiti angekuwa na nambari zake na ubishi usingekwisha hadi leo. Fasili hutangulia kipimo. Napendekeza kwamba kwa king'amuzi tuhesabu hadi picha inapoanza kutembea, na hadi sauti inaposikika, kisha tuandike nambari zote mbili.

Kazi yenyewe haihitaji maabara. Saa ya kupimia mbio haifai peke yake, kwa sababu jicho na kidole cha binadamu huchelewa kwa karibu robo ya sekunde, na kuchelewa huko hakuko sawa kila mara. Inafaa simu ya mkononi yenye kamera. Irekodi video inayoonyesha kidole juu ya rimoti na skrini ya runinga kwa pamoja. Kisha ichezwe polepole na fremu zihesabiwe tangu kidole kiliposhuka hadi picha ilipotembea. Ikiwa kamera hupiga fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ni takriban sekunde 0.033. Fremu 45 basi ni sekunde moja na nusu. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo.

Lakini usawa uzingatiwe. Tumia runinga ile ile, waya ule ule, dishi lile lile na chaneli zile zile. Rudia mara kumi au ishirini kwa kila jozi ya chaneli. Tenganisha kuhama ndani ya furushi moja na kuhama kati ya mafurushi, chaneli za bure na za kulipiwa, picha za kawaida na zile za ubora wa juu. Usichanganye kupanda kwa kitufe cha juu na kuandika nambari, kwa kuwa ukiandika nambari, king'amuzi husita kikingoja kuona kama utaongeza tarakimu nyingine. Itazame pia runinga yenyewe: kisanduku kikibadilisha kiwango cha picha kila chaneli inapobadilika, runinga huweza kugeuka nyeusi kwa muda ikijirekebisha, na kosa likabebeshwa king'amuzi kisicho na hatia. Dawa yake ni kukifunga kisanduku kwenye kiwango kimoja kabla ya kupima. Na mvua ikinyesha, ahirisha, kwa sababu mawimbi dhaifu huongeza kungoja.

Ugumu mmoja utabaki. Ving'amuzi vya kampuni za kulipia haviwezi kubadilishana kadi wala chaneli, hivyo anayelinganisha cha kampuni hii na cha ile huwa amelinganisha kisanduku pamoja na namna kampuni inavyopanga matangazo yake. Ulinganisho huo haukatazwi, maana mteja hununua vyote viwili kwa pamoja. Kinachotakiwa ni kuusema waziwazi. Anayetaka kulinganisha visanduku peke yake na avipime kwa chaneli zisizolipiwa, zinazopokewa na vyote kutoka setilaiti moja.

Baada ya kupima, nambari zataka kusomwa kwa busara. Tuchukue mfano wa kubuni. King'amuzi cha kwanza kimetoa sekunde 1.3, 2.1, 1.6, 1.4 na 1.6. Cha pili kimetoa 1.2, 1.3, 1.2, 1.4 na 2.9. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano, wastani wa vyote viwili ni 1.6, na mtu mwenye pupa atasema viko sawa. Lakini zipange nambari kutoka ndogo hadi kubwa, uitazame ile ya katikati: cha kwanza kina 1.6, cha pili kina 1.3. Cha pili kwa kawaida ni chepesi zaidi, isipokuwa mara moja kilizubaa kupita kiasi. Yupi atapendelea kipi? Mwenye kupitia chaneli nyingi jioni nzima huenda akakichagua cha pili. Mwenye kibanda cha kuonyeshea kandanda, ambaye wateja humpigia kelele kwa kila mzubao, huenda akakitaka cha kwanza. Nambari hazikumchagulia mtu, ila zimemwonyesha anachochagua.

Kwa nini lakini sekunde mbili za skrini nyeusi zitukere hata kidogo? Nadhani mazungumzo ya kawaida yanatupa sababu. Mwaka 2009 kundi la watafiti likiongozwa na Tanya Stivers lilipima, katika lugha kumi za mabara mbalimbali, muda unaopita baina ya mtu kumaliza swali la ndiyo au la na mwenzake kuanza kujibu. Wastani ulikuwa takriban sekunde 0.2, na hakuna lugha iliyotofautiana na wastani huo kwa zaidi ya robo ya sekunde. Binadamu amelelewa katika kujibizana kwa kasi hiyo. Akikawiziwa jibu kwa sekunde mbili huanza kushuku kwamba hakusikika, au kwamba mwenzake anaficha jambo. Naye Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu matumizi ya mitambo, alieleza kwamba jibu linalokuja ndani ya sekunde 0.1 huonekana la papo hapo, na kwamba likipita sekunde moja mtiririko wa fikra huanza kukatika. Kubonyeza rimoti ni kuuliza swali. Skrini nyeusi ni kimya cha msemaji asiyetujibu, na ndiyo sababu wengi wetu hubonyeza mara ya pili, tukazidi kujichelewesha.

Sasa nalirudia lile swali la wanaocheka. Ukimhesabia mtazamaji sekunde mbili mara 60 kwa siku, utapata dakika mbili kila siku, na kiasi cha saa 12 kwa mwaka. Sitajidai kwamba saa hizo zingemjengea mtu nyumba. Ninachokiona kikubwa ni mazoea ya mtu kuuliza: umepima vipi? Katika minada mingi ya mifugo ya kaskazini mwa Kenya, bei ya mbuzi au ng'ombe huafikiwa kwa jicho na kwa mkono unaopapasa mgongo, si kwa mizani. Mfanyabiashara aliyenunua mamia ya wanyama ana mizani machoni mwake. Mama aliyeleta mbuzi mmoja ili alipe karo hana. Mahali pasipo na kipimo, mwenye uzoefu na ulimi humshinda asiye navyo, naye aliyeshindwa hurudi nyumbani asijue kama ameshindwa.

Ndivyo ilivyo kwa dawa inayosemekana "huponya haraka", kwa mkopo wa simu unaosemekana una "riba ndogo", na kwa ahadi ya maji "karibuni". Haraka, ndogo na karibuni ni maneno mazuri yanayotumika katika kila lugha, lakini hayana mwisho wala mwanzo mpaka mtu ayawekee. Mtoto aliyejizoeza kumuuliza muuzaji wa king'amuzi "sekunde ngapi, kutoka wapi hadi wapi, mara ngapi?" ataiuliza riba swali hilo hilo atakapokuwa mtu mzima.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umetutaka tuwape wanafunzi kazi za kutenda badala ya kukariri. Walimu wengi wamelalamika kwamba kazi hizo huwagharimu wazazi. Hii haina gharama mpya palipo na runinga na simu. Mwalimu wa hisabati atapata wastani na thamani ya katikati. Wa sayansi atapata mawimbi, masafa na sababu za kuchelewa. Wa Kiswahili atapata jambo adimu, yaani ripoti ambayo kila neno lake linaweza kuhojiwa, ambamo "upesi sana" hupigwa mstari mwekundu na kuandikwa upya kwa tarakimu.

Isiolo ina hazina ya ziada. Darasani mle mle hupatikana wasemaji wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, wote wakikutana katika Kiswahili. Hakuna hata moja ya lugha hizi, Kiswahili kikiwemo, iliyokuwa miongoni mwa zile kumi za mwaka 2009. Wanafunzi waliokwisha kujifunza kuhesabu fremu za king'amuzi wanaweza, kwa simu ile ile na kwa idhini ya wahusika, kupima muda ambao bibi huchukua kumjibu mjukuu. Watakuwa wamepima jambo ambalo utafiti ule haukuligusa.

Walimu wenzangu, anzeni na jozi moja ya chaneli wiki hii. Matokeo yabandikwe ukutani pamoja na tarehe, majina ya chaneli, hali ya hewa na namna mlivyohesabu, ili darasa la mwakani liweze kuyarudia na, likiona kasoro, liyakosoe.